Boti ni ya Nani?

Huku pwani tuna watu wawili: mwenye chombo na nahodha. Mwenye chombo katoa pesa. Nahodha ndiye anayejua ubao upi unavuja. Samaki wakigawanywa, chombo nacho hupewa fungu lake, na fungu hilo huenda kwa mwenyewe. Niliyakumbuka haya juzi nikisoma habari za Pilar, boti ya uvuvi ya Ernest Hemingway.

Aprili 1934 Hemingway alirejea Marekani kutoka kuwinda Kenya na Tanganyika. Hata hajapumzika, akaenda Brooklyn kwenye karakana ya Wheeler kuagiza boti ya mbao ya futi 38. Bei yake dola 7,495, na hakuwa nazo. Arnold Gingrich, mhariri wa jarida la Esquire, akamtangulizia 3,000 kwa makala ambazo hata hazijaandikwa. Sisi tunaoishi kwa makala tunalijua deni la namna hiyo!

Aliagiza ipakwe rangi nyeusi na tezi ishushwe kimo, ili samaki mkubwa apandishwe kwa urahisi. Alikaa nayo miaka 27. Ndoa mbili zilivunjika, makazi yakahama kutoka Key West hadi Cuba, na wakati wa vita akaitumia kusaka nyambizi za Wajerumani, asizamishe hata moja. Mwaka 1954 akapata Nobeli. Pilar bado alikuwa nayo.

Ila jamani, boti ya mbao haijitunzi. Jua linapasua, chumvi inakula, maji yanaingia. Tangu 1938 kazi hiyo ilikuwa ya Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary. Alipika, alisafisha, alishika usukani. Tajiri akisafiri, yeye alibaki na chombo.

Hemingway alipojiua Julai 1961, Pilar ikaenda kwa Fuentes, naye akaikabidhi serikali ya Cuba. Leo iko nchi kavu Finca Vigía, nyumbani kwa mwandishi, palipokuwa uwanja wa tenisi. Fuentes alifariki 2002, ana miaka 104. Wageni walikuwa wakimfuata kumuuliza kama ndiye yule mzee wa riwaya ya 1952. Mimi ningemuuliza habari za mbao.

Kwenye karatasi, Pilar ilikuwa ya Hemingway miaka yote hiyo. Lakini lile fungu la chombo, mimi ningempa Fuentes. Nyie mngempa nani?