Kadi Moshi, Ufunguo Nairobi

Mpaka wa nchi ni kitu cha ajabu. Mtu wa Himo akienda kwa miguu kumwamkia shangazi yake Taveta haoni mstari wowote ardhini. Vumbi ni lile lile, mahindi ni yale yale, na salamu anayoitikiwa huko ni ya lugha aliyotoka nayo nyumbani. Lakini mwambie avuke na gari, ndipo atakapouona mpaka waziwazi. Gari lina namba, lina kadi, lina mwaka wa kuundwa na ukubwa wa injini, na kila kimoja kati ya hivyo kina serikali inayokidai.

Kwa sababu hiyo nimeamini kwa miaka mingi kwamba anayetaka kuijua historia ya ujirani wetu wa Afrika Mashariki asiishie kwenye hotuba za wakubwa. Aulize na swali moja dogo: katika mwaka fulani, mtu aliyetaka kuleta gari lake kutoka Nairobi hadi Moshi alitakiwa kufanya nini? Jibu la swali hilo limebadilika mara nyingi, na katika familia yetu tumelijua kwa gharama.

Mpaka wenyewe si wa mababu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo hili, wakachora mstari kutoka mdomo wa mto Umba pwani hadi ziwa Victoria. Mstari ule ulipofika Kilimanjaro ulipinda, mlima ukabaki upande wa Wajerumani. Watu husimulia kwamba Malkia wa Uingereza alimpa mlima ule mjukuu wake, Kaiza, kama zawadi. Hayo ni masimulizi tu. Ulipinda kwa mapatano ya wenye tamaa wawili. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Waingereza yakajenga reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi kuungana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Baada ya vita Tanganyika ikawekwa chini ya Waingereza, na ule mstari wa 1886 ukawa kama uzi uliolala chini ya mkeka: upo, lakini haumkwazi mtu.

Forodha za Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganishwa mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kikamilifu mwaka 1927. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika kote tangu mwaka 1921. Gari lililolipiwa ushuru Mombasa halikulipishwa tena lilipofika Moshi. Hata mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 yalikimbia katika nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, na vijana walijipanga kando ya barabara kungoja vumbi lao. Mwaka 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Nadhani ndiyo maana wanaume wengi wa rika la baba yangu walilitamani gari lile kuliko jingine lolote.

Baba alikuwa karani wa reli. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Desemba 1967 na makao yake makuu Arusha, ilikuwa imegawa mashirika yake: reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Basi mtu wa Kilimanjaro aliweza kuajiriwa na reli, akaishi Nairobi, na asijione mgeni. Mwaka 1973 baba alinunua Peugeot 404 iliyokwisha kutumika, rangi ya maziwa, yenye namba za Kenya. Kila Desemba alitupakia humo, mizigo juu, tukaja nyumbani kwa Krismasi. Pale mpakani alisimama, akasalimiana na askari, akaonyesha karatasi, tukapita. Sikumbuki hata mara moja tulipokaa pale muda wa kutosha kumenya chungwa.

Hata hivyo, dalili zilikuwapo. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua madaraka Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, hivyo mamlaka ya juu ya Jumuiya hayakuweza tena kukutana. Kenya na Tanzania zilikuwa zimeshika njia mbili za uchumi, na kila upande uliona mwenzake ananufaika zaidi. Mashirika yakaanza kugombania makusanyo. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la pamoja la ndege lilisimama, Kenya ikaanzisha lake, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Magari ya watalii kutoka Kenya yaliyokutwa huku yalizuiwa. Magari yale hayakuwa na kosa lolote isipokuwa namba zake.

Siku mpaka ulipofungwa, baba alikuwa Moshi. Alikuja kwa basi kwenye mazishi ya mama yake mdogo, akaliacha gari Nairobi kwa rafiki yake, Mkamba mmoja waliyekuwa wakifanya kazi ofisi moja. Sisi watoto tulikuwa tumeshahamia Moshi kwa ajili ya shule. Kadi ya gari, kwa desturi yake ya kutembea na karatasi zake zote muhimu, ilikuwa ndani ya mkoba wake. Ufunguo alimwachia rafiki. Tangu hapo ikawa hivi: kadi Moshi, ufunguo Nairobi. Aliyekuwa na kadi hakuweza kuliendesha, na aliyekuwa na ufunguo hakuweza kuliuza.

Mwaka ule ule baba alipokelewa na shirika jipya la reli la Tanzania, na maisha yakaendelea bila gari. Huku kwetu miaka ile haikuwa rahisi kupata jingine. Magari mapya yaliagizwa na shirika la umma na kununuliwa kwa kibali, na kibali kilikuwa na foleni yake. Mafuta yalikuwa adimu hata ikafika mahali kuendesha gari binafsi Jumapili alasiri kukapigwa marufuku. Spea zilitafutwa kwa magendo kupitia njia za panya, na wapo waliodiriki kupitisha hata magari mazima usiku, huku porini. Jirani mmoja alimshawishi baba afanye hivyo. Baba alimjibu, “Gari ni langu. Mwenye mali haingii nyumbani kwake kupitia dirishani.”

Barua zilikuja kwa mikono ya wasafiri, mara moja au mbili kwa mwaka. Yule Mkamba aliandika kwa ufupi. Gari lipo. Nimeliweka juu ya mawe ili matairi yasioze. Kila Jumamosi naliwasha. Betri imekufa, nimenunua nyingine, tutahesabiana. Mama alikuwa akimwuliza baba kama kweli anaamini habari hizo, maana miaka ilikwenda mitatu, minne, mitano, na mtu mwenye shida anaweza kuliuza gari vipande vipande bila kadi: leo mlango, kesho injini. Baba hakubishana naye. Nadhani naye alikuwa akijiuliza usiku.

Novemba 1983 viongozi wa nchi tatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 walitia saini mapatano ya kugawana mali na madeni ya iliyokuwa Jumuiya, kazi iliyosuluhishwa na Mswisi, Victor Umbricht, kwa miaka kadhaa. Kwa kiwango chetu kidogo, nasi tulikuwa na mali ya Jumuiya ya kudai.

Agosti mwaka huo baba alinichukua, tukaenda Nairobi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Tulilikuta gari nyuma ya nyumba, chini ya turubai, juu ya mawe, kama barua zilivyosema. Rangi ilikuwa imechuja upande wa jua. Kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma. Yule mzee, maana sasa alikuwa mzee, alitoa ufunguo mfukoni mwake na daftari dogo la hesabu: betri mbili, mafuta, fundi mara tatu. Baba alisoma, akalipa hadi senti ya mwisho. Alipotaka kuongeza kitu kwa ajili ya ulinzi wa miaka saba, mzee alifunga daftari. “Hilo halikuandikwa humu,” akasema. Baba aligeuka upande, akajifanya anatazama matairi.

Holili ilikuwa habari nyingine. Ofisa wa forodha aliuliza gari hili linaingia au linarudi. Baba alisema linarudi, maana limelala nyumba yake ya Moshi kila Krismasi tangu 1973. Ofisa akaitazama kadi: namba za Kenya, halijaandikishwa Tanzania hata siku moja. Kwa sheria, akasema kwa upole, gari hili ni geni, linaingizwa leo kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kweli kwa karatasi, na maneno ya baba yalikuwa kweli kwa maisha. Tulilala pale siku mbili. Siku ya tatu baba alilipa ushuru kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya bati za nyumba, na nyumba ikangoja hadi mwaka uliofuata. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa imeanza kuruhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi, na tulipokaa pale mpakani tuliona pikapu zikiingia zimebeba sabuni, vitambaa na matairi. Zama nyingine zilikuwa zinaanza, zile ambazo baadaye, chini ya Mzee Mwinyi, zilipewa jina la ruksa.

Mimi mwenyewe nilileta pikapu kutoka Mombasa mwaka 1997, kupitia Lungalunga na Horohoro. Sikuhitaji rafiki wa miaka saba; nilihitaji wakala wa forodha, mihuri kadhaa, na subira. Baadaye mambo yakapangwa vizuri zaidi. Mkataba wa kufufua Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza Januari 2005. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa, na cha Namanga kikafuata mwaka 2018. Sasa mtu hukaguliwa mara moja chini ya paa moja na maofisa wa nchi zote mbili. Haya ni maendeleo, na asiyeyaona hakulala Holili mwaka 1984.

Lakini kijana akiniuliza leo kama anaweza kununua gari Nairobi na kulileta Moshi bila kodi kwa kuwa sisi ni Jumuiya moja, humjibu kwamba asifanye haraka. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zenye asili ya humu. Magari yetu mengi yamezaliwa Japani, na kuishi kwake Nairobi miaka mitano hakuyapi uraia wa Jumuiya. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa ni mali ya kila serikali peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kuundwa. Tanzania huruhusu kuukuu zaidi, ila hulitoza nyongeza kwa uzee wake. Na akienda kununua Kigali atakuta usukani uko kushoto, maana kule hupita kulia. Jumuiya imekua hadi kufikia nchi nane, lakini gari bado linajua mahali kila nchi inapoishia.

Silaumu. Serikali lazima ipate kodi, na barabara ninayopita haikujengwa kwa salamu. Ila naona kuna jambo ambalo hesabu za forodha haziwezi kulionyesha. Ile Jumuiya ya kwanza ilikuwa na mikataba, mashirika, ndege na majengo, ikavunjika katika muda wa miezi michache. Kilichobaki bila kuvunjika ni kile kilichokuwa kimekua chini yake pole pole: watu wa nchi tofauti waliokaa ofisi moja miaka kumi, wakafundishana kazi, wakazikana, wakaachiana funguo. Hicho hakikuandikwa katika mkataba wowote, na kwa hiyo hapakuwa na ibara ya kukifuta.

Ndiyo maana leo, watu wanapojadili viwango vya ushuru na lini fedha moja itatumika, mimi huuliza jambo jingine. Je, vijana wetu wanapata nafasi ya kukaa pamoja kiasi hicho? Mkenya, Mtanzania na Mganda wanaokutana mpakani kwa nusu saa ya kugonga muhuri, hata muhuri ukiwa mmoja, watajuana lini hata mmoja amwachie mwenzake mali yake? Mkataba unaweza kuniruhusu nivuke. Hauwezi kunipa mtu wa ng'ambo atakayeliwasha gari langu kila Jumamosi kwa miaka saba, akiwa na ufunguo mkononi, shida nyumbani, na hakuna wa kumwuliza.