Giaboksi Isiyoandikwa Kwenye Kadi

Historia ya teknolojia katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kama historia ya vitu vilivyoshuka bandarini. Tunafundishwa reli ilianza kujengwa mwaka gani na kiwanda fulani kilifunguliwa na nani. Yaliyokipata kitu baada ya kushuka hayaandikwi: nani alikifungua, alibadili nini ndani yake, na shida gani ilimlazimisha. Katika makala haya nataka kuifuata kazi moja ya gereji, nayo ni kung'oa giaboksi ya gia tatu katika pikapu ya zamani ya Land Cruiser FJ45 yenye injini ya silinda sita, na kufunga mahali pake giaboksi ya gia tano. Ni kazi inayofanywa na wenye magari hayo katika nchi nyingi duniani. Kwetu sisi ina historia yake, na historia hiyo inahusu dola kama inavyohusu vyuma.

Tuanze na gari lenyewe. Injini yake, iitwayo F, ni ya petroli na ina ujazo wa lita 3.9. Ina nguvu nyingi katika mzunguko wa chini, lakini hunywa mafuta bila huruma. Giaboksi ya gia tatu iliyofungwa nayo hadi katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na gia ya kwanza ndefu mno kwa mlima wenye utelezi, yenye uwiano wa takriban 2.8, na gia ya tatu iliyoizungusha injini sawa kabisa na propela. Dereva hakuwa na gia ya kuipumzisha injini katika barabara ndefu ya lami. Giaboksi ya gia tano iitwayo H55F, iliyotoka katikati ya miaka ya 1980, ina gia ya kwanza yenye uwiano wa takriban 4.8 na gia ya tano ya takriban 0.85. Maana yake ni kwamba katika gia ya kwanza nguvu inayofika kwenye propela huongezeka kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya awali, na katika gia ya tano injini huzunguka pungufu kwa asilimia 15 hivi kwa mwendo uleule. Injini haijaguswa, ila gari limepata tabia mpya.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu injini hiyo yenyewe ina ukoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kiichiro Toyoda na wenzake walinunua gari la Chevrolet la mwaka 1933, wakalifungua kipande kwa kipande, wakapima na kunakili. Injini yao ya kwanza, ya silinda sita na lita 3.4, ilikamilika mwaka 1934. Lori lao la kwanza, G1, lilitoka mwaka 1935 na likawa maarufu kwa kuharibika njiani. Mwaka 1936 serikali ya Japani ilitunga sheria ya viwanda vya magari iliyowapa leseni watengenezaji wachache wa nyumbani na kuwabana Ford na General Motors, waliokuwa wakiunganisha magari huko tangu miaka ya 1920. Kufikia mwaka 1939 Wamarekani hao walikuwa wameacha uzalishaji nchini humo. Toyota BJ, babu wa Land Cruiser, ilitoka mwaka 1951 wakati wa vita vya Korea, na injini ya F iliyofuata ilishika umbo hilohilo la silinda sita zilizopangwa mstari mmoja.

Sisemi haya ili kuusifu utawala wa Japani wa miaka ile. Sheria ya 1936 ilitungwa na dola iliyokuwa ikijiandaa kwa vita, na jirani zake walilipa gharama yake. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba waliofungua gari la wenzao na kulinakili waliitwa wahandisi, na lori lao bovu lilihesabiwa kuwa hatua ya kujifunza. Hapa kwetu mtu afanyaye kazi ya namna hiyo huitwa fundi wa mtaani, na jina hilo husemwa kwa kebehi.

Tanzania ilikutana na swali hili katika miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, wakati taifa likiwa limetoka kwenye vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilikauka. Wenye umri wangu wanakumbuka marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana, na wanakumbuka magari ya serikali na mashirika ya umma yaliyolala juu ya mawe kwa kukosa spea. Katika hali hiyo gari lililoendelea kutembea lilikuwa kazi ya mikono ya mtu fulani, aliyechukua kifaa cha gari hili akakifanya kiingie katika lile. Mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam ulijaa watu wa namna hiyo.

Na hapo ndipo penye ukinzani ambao wanafunzi wangu huushangaa kila mwaka. Mwaka 1983, wakati ubunifu wa mafundi ulipohitajiwa kuliko wakati mwingine wowote, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowapa watawala uwezo wa kuwakamata mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi na kuwapeleka vijijini. Aliyejiajiri bila karatasi ya kuonesha alikuwa mashakani. Dola iliyokuwa ikihitaji magari yake yatembee haikuwa na neno la kumwitia mtu aliyeyatengeneza chini ya mwembe, isipokuwa mzururaji. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuwa wameonya katika ripoti yao ya 1972 kuhusu Kenya kwamba sekta hii inaajiri, inazalisha na inafundisha, na kwamba serikali inaibana badala ya kuijenga. Onyo hilo lilituhusu sote.

Kuanzia mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na baadaye milango ikafunguka zaidi. Spea zilizotumika zikaanza kumiminika kutoka Japani na Ghuba, na masoko yakakua: Shauri Moyo ya Ilala, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala. Giaboksi ya gia tano iliyokuwa katika gari la mtu asiyejulikana ng'ambo ikapata njia ya kufika kwenye pikapu ya mkulima wa Mbeya.

Nimesimama mara nyingi nikitazama kazi hii, na kila mara nimeona kwamba kununua giaboksi ndiyo sehemu nyepesi. Giaboksi mpya ni ndefu kuliko ya zamani. Propela ya nyuma lazima ikatwe, ya mbele iongezwe, na zote mbili zipimwe zisije zikatikisika. Ganda linalofunika klachi lazima lioane na injini upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Mhimili unaobeba giaboksi chini ya chasisi huhamishwa. Tena katika pikapu hizi breki ya mkono haishiki magurudumu, hushika ngoma iliyo nyuma ya giaboksi, mahali propela inapoanzia. Fundi aliyechomelea propela vibaya ameharibu pamoja nayo breki ya mkono, na gari lililoegeshwa mlimani likiwa na watu linategemea mchomeleo wake.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaowasifu mafundi wa mtaani kwa jumla, kana kwamba umaskini ni chuo. Kazi mbaya huua. Lakini hoja hiyo, ambayo watumishi wa umma hunijibu nayo kila ninapoizungumzia mada hii, inadai ukaguzi, nao hatuufanyi. Tazama kadi ya gari. Imeandika namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini, rangi, idadi ya viti. Kuhusu giaboksi haisemi neno. Badiliko linalogusa propela na breki hupita bila kuonekana na dola, na aliyelifanya vizuri haonekani kama vile aliyelifanya vibaya asivyoonekana. Yule wa kwanza hana cha kumwonesha mteja, na yule wa pili hana cha kuogopa.

Mfumo wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti upo nchini, kupitia mamlaka ya ufundi stadi. Ni hatua njema. Hata hivyo, cheti kinamtambua mtu, hakiitambui kazi aliyoifanya kwenye gari hili. Ninapendekeza mambo mawili yasiyohitaji mkopo wala mfadhili. La kwanza, badiliko lolote la giaboksi, propela au breki liandikwe kwenye kumbukumbu za gari pamoja na jina la fundi aliyethibitishwa, na likaguliwe kabla gari halijarudi barabarani, kwa ada ambayo mkulima ataimudu. La pili, idara zetu za historia na uhandisi ziwapeleke wanafunzi gerejini wakaandike kwa Kiswahili hatua, vipimo na majina ya vifaa kama mafundi wenyewe wanavyoviita. Wengi wa waliojifunza katika miaka ya njaa ya spea ni wazee sasa, na wengi wao hawajaandikwa.

Toyoda alikuwa na serikali iliyomsubiri lori lake lipone. Fundi wetu amesubiri tangu mwaka 1983 aulizwe anajua nini. Wewe unayesoma haya ukiwa ofisini, mwenye kalamu ya kutunga kanuni, swali hilo ni lako kuliuliza.