Shaka wa TV Alinivunja Moyo, na Si kwa Sababu Unayofikiria

Desemba iliyopita nilikuwa kwa anko wangu, Umoja. Anko ana flashi moja anayoichunga kuliko kitambulisho. Ndani yake kuna episodi zote kumi za Shaka Zulu, ile ya 1986, na kila Krismasi lazima tuiangalie. Wimbo wa mwanzo ukiingia, anko anaimba kama yuko kwaya.

Shida ni kwamba safari hii nilikuwa nimeshaona Shaka iLembe, ile mpya iliyoanza 2023 kwa Mzansi Magic. Kufika episodi ya tatu nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza, "Anko, hii stori ni ya Shaka ama ni ya huyu daktari mzungu?"

Anko akapunguza sauti ya TV. Akaniangalia, akasema, "Wewe uliacha chuo, na sasa unataka kutusomesha hapa?"

Manze, iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilitoka mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama. Sikumjibu siku hiyo. Hii hapa ndiyo jibu langu, na ninyi wasee mtakuwa mashahidi.

Kwanza tupeane heshima. Henry Cele, aliyeigiza Shaka, alikuwa moto. Jamaa alikuwa golikipa kabla ya kuwa mwigizaji, na ukimwona amesimama pale unaamini kabisa kwamba huyu ni mfalme. Sina neno naye. Pia sisemi Shaka alikuwa malaika. Alipigana vita vingi, na mama yake Nandi alipofariki 1827, watu wengi waliuawa wakati wa matanga. Kama ungetaka niandike kwamba alikuwa mtu mpole aliyesingiziwa, umekosa posti.

Kilichonivunja moyo ni mahali kamera ilipokaa. Kamera imekaa na wageni. Anayetusimulia ni Henry Francis Fynn, yule daktari. Tunamwona Shaka akitokea mbele ya Fynn, tunaogopa Fynn akiogopa, tunashangaa Fynn akishangaa. Na Wazulu wote wanaongea Kiingereza! Yaani mtu yuko kwao, na mama yake, ndani ya nyumba yao, na bado anaongea lugha ya mgeni ambaye hata hajafika.

Hapo ndipo iLembe ilinishika. Wanaongea isiZulu, na mimi wa Nairobi nikajipata nashika maneno bila kusoma tafsiri ya chini. Umuntu, abantu, inyama, inyoka. Si hayo ni mtu, watu, nyama, nyoka? Nilijihisi niko kwa binamu ambaye sikuwa nimewahi kumtembelea.

Sasa tuulize, huyu Fynn alikuwa nani? Alifika Port Natal, pale ambapo leo ni Durban, mwaka wa 1824, pamoja na kundi la Francis Farewell. Kwenye TV, Farewell anatumwa na serikali ya Uingereza kwenda kumtuliza Shaka. Kwenye historia, Farewell alikuwa afisa wa zamani wa jeshi la majini aliyegeukia biashara, na alikuwa anatafuta pembe za ndovu. Mwaka huo huo Shaka alichomwa mkuki na mtu aliyetaka kumuua, na Fynn akasaidia kumtibu kidonda. Muda si muda, Farewell akawa na karatasi yenye alama ya Shaka, inayosema mfalme amempa bandari pamoja na ardhi kubwa kando yake. Shaka hakuwa anasoma Kiingereza. Kama familia yenu imewahi kuwa na kesi ya shamba, hapo sihitaji kukuelezea zaidi.

Halafu kuna ile "diary" ya Fynn. Daftari lake la kwanza lilipotea. Inasemekana lilizikwa na ndugu yake. Akaandika upya kutoka kichwani, miaka mingi baadaye, na kitabu chenyewe kikachapishwa 1950, yeye akiwa ameshakufa zamani. Hiyo ndiyo "nilikuwepo, niliona" ambayo TV inatuuzia.

Lakini hii inayofuata ndiyo ilinifanya nikae chini. Kulikuwa na kijana mwingine pale, Nathaniel Isaacs, aliyefika 1825 akiwa bado tineja. Mwaka wa 1832, Isaacs alimwandikia Fynn barua akimshauri kuhusu kitabu. Alimwambia awaonyeshe wafalme wa Kizulu kama watu wenye kiu ya damu kadiri awezavyo, akadirie idadi ya waliouawa, na aweke visa vingi vya Shaka ili kitabu kinenepe na kiwe kitamu. Barua hiyo ipo. Wanahistoria wameisoma.

Yaani buda, hiyo ni mtu kumwambia mwenzake aongeze chumvi ili apate watazamaji! Mimi natengeneza video, hiyo lugha naijua vizuri sana. Kila siku kuna mtu ananiambia niweke kichwa cha kutisha, watu watabonyeza. Tofauti ni kwamba chumvi ya Isaacs na wenzake imekaa miaka karibu mia mbili. Fynn ndiye aliyetoa ile hesabu kwamba Shaka aliua zaidi ya watu milioni moja, na mpaka leo watu wanaitaja kama matokeo ya sensa. Nani alihesabu? Alihesabu lini, na akitembea wapi?

Na chumvi ikishakuwa nyingi, chakula chenyewe hukionji. Ile ya 1986 inafanya kuinuka kwa Shaka kuwe mambo ya unabii na uchawi: mtoto ametabiriwa, basi imeisha. Stori ya kweli ni tamu zaidi. Kulikuwa na njaa kali mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kulikuwa na biashara ya pembe za ndovu kupitia ghuba ya Delagoa, na watawala waligombania njia zake. Kulikuwa na Dingiswayo wa Wamthethwa, ambaye tayari alikuwa anapanga vijana kwa rika na kuwafanya vikosi vya jeshi, na Shaka alipikwa ndani ya mfumo huo. Kulikuwa na Zwide wa Wandwandwe, adui mwenye akili kuliko anavyopewa sifa. Hiyo ni siasa. Ni watu wanafikiria, wanakosea, wanapanga. Ukitoa siasa ukaweka uchawi, umesema Waafrika hawafikirii, wanatokewa tu na mambo.

Kumbuka pia ni nani alilipia hiyo kitu. Ilitengenezwa na SABC, shirika la utangazaji la serikali ya makaburu. Mwaka wa 1986 Afrika Kusini ilikuwa chini ya hali ya hatari, Mandela yuko ndani, na wanajeshi wako mitaani kwa watu weusi. Wakati huo huo serikali hiyo hiyo inaweka kwa TV mfalme mweusi anayemwaga damu, na mzungu mwenye busara akitikisa kichwa pembeni. Sijui kama kila mtu kwenye seti alifikiria hivyo. Lakini picha ilifika, na iliwafaa waliokuwa wanasema watu weusi wakipewa nchi wataimaliza.

Kwani Wazulu wenyewe hawakuwa na la kusema? Walikuwa nalo. Kuna wazee waliosimulia mambo ya wafalme wao, na James Stuart akayaandika kuanzia mwisho wa miaka ya 1890. Magema Fuze alichapisha historia ya watu wake kwa isiZulu 1922. Mazisi Kunene alitoa utenzi mzima kuhusu Shaka 1979, miaka saba kabla ya ile ya TV. Vitu vilikuwepo. Aliyetaka angevitumia.

Mnauliza inatuhusu nini hapa Kenya. Chukua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. (Hao ni Wanandi wetu, si yule mama wa Shaka.) Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ambao ulipaswa kuwa wa amani. Stori ya siku ile iliyoenea sana ni ipi? Ni ya Richard Meinertzhagen, yule yule afisa aliyemuua, kutoka kwa shajara aliyoichapisha 1957. Baadaye ikagundulika kwamba jamaa alikuwa anaiba ndege waliokaushwa wa makumbusho na kudanganya kuhusu mahali walipotoka. Mtu anayedanganya kuhusu ndege, mimi nimwamini kuhusu mtu aliyempiga risasi?

Siku moja mtu atamtengeneza Koitalel kwa TV. Nitaangalia, na kitu cha kwanza nitakachotafuta ni kama kamera imekaa na mwenye bunduki ama imekaa kwa kina Koitalel, na wale wazee ambao familia zao zimekuwa zikisimulia siku hiyo miaka yote hii.

Kwa hivyo anko, hilo ndilo jibu langu. Sijasema utupe flashi. Nimesema tu ukiangalia, uliza nani anaongea, na analipwa na nani. Hiyo haihitaji digrii.

Wiki jana anko alinitumia ujumbe. "Niwekee hiyo ya Kizulu. Lakini ukifuta yangu, usirudi hapa."