Mkandaa

Mkandaa (Ceriops tagal) ni kichaka au mti mfupi wa jamii ya mikoko. Huota kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Asia ya Kusini-Mashariki na Australia ya kaskazini.

Makao yake hasa ni upande wa bara wa msitu wa mikoko, mahali ambapo maji ya bamvua hufika lakini maji mafu huishia njiani. Jua likikausha tope la hapo, chumvi huzidi, na mkandaa hudumaa ukawa kichaka kisichompita mtu kimo. Penye maji tele hurefuka mita kadhaa. Majani yake ni manene, ya mviringo nchani, na mizizi yake huchomoza topeni kama magoti ili kupata hewa.

Ajabu yake kubwa iko kwenye uzazi. Mbegu huota ingali mtini: mche mwembamba wenye mifuo hutokeza chini ya tunda, ukaning'inia na kurefuka, kisha hudondoka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji.

Gome lina tanini nyingi, na tangu zamani limetumika kusindika ngozi na kutia rangi. Fito zake zimejenga nyumba nyingi za udongo, kuanzia Lamu hadi delta ya Rufiji.

Mkandaa hukua polepole mno. Wanaopanda mikoko wasiuweke ukingoni mwa bahari. Waurudishe nyuma, kwenye tope lake la asili.