Manowari ya Milimita Nane

Nilianza kuiunda merikebu hii wiki ileile niliyofungasha virago kutoka hosteli ya chuo. Mwaka wa tatu, uhandisi wa ujenzi, karo imekwama, na jina langu halimo kwenye orodha ya watakaofanya mtihani. Nilirudi Mombasa na basi la usiku, laptopu mapajani. Kwa siku nne sikufungua kitu kingine isipokuwa programu ya kuunganisha matofali ya Lego kwenye skrini. Baba alipita nyuma yangu mara moja, akasimama, akauliza, "Hiyo ndiyo kazi mliyopewa?" Nikasema ndiyo, baba. Akaenda zake.

Merikebu yenyewe ni Santo António de Tanná. Kama ulisomea Mombasa, basi umeshapelekwa Fort Jesus na darasa zima, ukakunywa soda ya moto pale nje, na kati ya kusukumana kwenu mkapita mbele ya vyombo vya kauri vya China na mizinga iliyotolewa baharini. Hivyo vilitoka ndani yake. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kilichonibaki kichwani hakikuwa mizinga, ni michoro ya ukutani. Wanajeshi wa Kireno, walipokuwa hawana la kufanya, walichora merikebu kwenye kuta za ngome kwa rangi nyeusi na nyekundu. Milingoti, kamba, bendera. Baadhi ni mibaya kabisa, kama ya mtoto. Nilifurahi kuona kwamba watu wazima wenye bunduki walikuwa wakichora meli kama mimi nilivyokuwa nikichora nyuma ya daftari la hesabu.

Wacha nianze na vipimo, manake huko ndiko nilikopotelea mwezi mzima.

Tofali la Lego lina vile vinundu vya juu. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, na kile kipande chembamba, bamba, ni theluthi yake, 3.2. Vipimo hivi havijabadilika tangu kampuni hiyo ya Billund, Denmark, ilipoomba hataza ya tofali lake Januari 1958, ndiyo maana vipande nilivyochimbua kwenye gunia la mitumba pale Kongowea nikiwa mtoto vinashikana na vya leo. Ukitaka kuunda kitu cha kweli kwa matofali haya lazima kwanza uamue: kinundu kimoja ni sawa na nini? Wanaounda manowari kubwa za matanga hubishana sana juu ya hilo. Wengi huchagua kipimo kinachowatosha wale watu wadogo wa plastiki, halafu merikebu inalazimishwa kuwafuata watu.

Mimi nilitaka kinyume chake. Nikaanza kusoma jinsi Wareno wa karne ya 17 walivyopima meli zao. Hawakutumia mita, bila shaka, mita ilikuwa bado haijazaliwa. Walitumia rumo, ambayo ni palmo sita, na palmo ya waunda meli, palmo de goa, ni kama sentimita 25.6 na ushee kidogo. Palmo ni kiganja. Ni ndugu wa shibiri yetu, ingawa shibiri ni fupi kidogo. Saa nane za usiku, nikiwa na bando la mwisho, nikagawanya sentimita 25.6 kwa milimita 8. Jibu likatoka 32. Kamili.

Sijui kama unaelewa raha ya jambo hilo. Ina maana kwamba kwa kipimo cha moja kwa 32, kila kinundu cha Lego ni palmo moja ya fundi wa Kireno. Rumo moja ni vinundu sita. Sikuwa tena natafsiri kutoka mita. Nilikuwa nahesabu vile yule fundi alivyohesabu, kiganja kwa kiganja. Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie. Nyumba nzima ilikuwa imelala.

Vipimo si mchezo katika kazi hii. Vasa, manowari ya Sweden iliyozama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 kabla haijaenda hata kilomita mbili, ilipopekuliwa ilikutwa na rula nne za mafundi. Mbili zilikuwa za futi ya Sweden yenye inchi 12, na mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Mafundi wa upande mmoja na wa upande mwingine walikuwa wakisema "futi" huku kila mtu akimaanisha lake, na upande mmoja wa meli ni mzito kuliko mwenzake. Haikuzama kwa sababu hiyo peke yake, tatizo kubwa lilikuwa uzito mwingi juu na ballasti kidogo chini, lakini nikiwaza zile rula najisikia nafuu kuhusu makosa yangu.

Santo António haikuundwa Ureno. Iliundwa Bassein, ambayo leo ni Vasai, kaskazini ya Mumbai, na ikaingia majini mwaka 1681. Mbao zake ni msaji, au mtiki kama tunavyoita siku hizi, mti mgumu ambao waunda majahazi wa Bahari ya Hindi walikuwa wakiuamini karne nyingi kabla ya Vasco da Gama. Ilikuwa na nafasi ya mizinga zaidi ya 40. Kwa hiyo ninapoiita "ya Kireno" nasita kidogo. Bendera ilikuwa ya Ureno. Mti na jasho vilikuwa vya India.

Shida ya kwanza ya kuunda merikebu kwa matofali ni kwamba tofali ni mraba, na tumbo la merikebu halina hata sehemu moja iliyonyooka. Linajipinda kutoka juu kwenda chini, na wakati huohuo linajibana kutoka katikati kwenda omo na tezi. Ukipanga matofali kama ngazi utapata kitu kinachofanana na keki iliyokanyagwa. Njia niliyoifuata ni ya mafundi wa kweli: nikalaza mkuku kwanza, kisha nikasimamisha mataruma moja baada ya jingine, ndipo mbao za nje zikafunikwa juu yake. Mbao hizo ni mabamba yaliyolazwa ubavu, yanayoshikwa kwa bawaba. Hesabu inayookoa maisha ni hii: mabamba matano yakipandana yanatoa milimita 16, na hiyo ni vinundu viwili kamili. Ukiijua hiyo unaweza kugeuza matofali yaangalie pembeni na bado kila kitu kikaingiana.

Wareno nao walikuwa na ujanja wao wa kujua kila taruma lijibane kiasi gani. Uliitwa graminho: kipande cha ubao chenye alama zilizopatikana kwa kuchora nusu duara na kuigawa. Alama zinaanza zikiwa zimesongamana, halafu zinaachana zaidi na zaidi. Taruma la katikati ndilo mama. Linalofuata linapanda kwa alama moja na kuingia ndani kwa alama moja, na hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna ramani. Umbo zima la merikebu lilikuwa limefichwa katika ubao unaoweza kuutia kwapani. Nilitengeneza graminho yangu kwa karatasi ya daftari na kikombe cha chai. Kwangu alama ndogo kabisa inayowezekana ni bamba moja, yaani kama sentimita 10 za merikebu halisi, kwa hiyo pale ambapo fundi wa Bassein alisogea kwa upana wa kidole, mimi ninaruka kwa upana wa kiganja. Kosa hilo linaonekana omo. Siwezi kuliondoa.

Chini ya maji kulibaki sehemu ya chini tu ya merikebu; ya juu ililiwa na bahari. Wapiga mbizi wa hapahapa waliiona miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy na wenzake, pamoja na makumbusho yetu, waliifukua mbao kwa mbao, wakapima, wakachora, halafu wakaifunika tena kwa mchanga. Bado iko pale. Ukisimama kwenye ukuta wa ngome ukiangalia mlango wa bandari, unaiangalia. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ina ushahidi, na nusu nyingine, sitaha, shetri, milingoti yote mitatu, ni kukisia kwa kulinganisha na meli za wakati ule. Kwenye skrini nimepaka nusu ya chini rangi ya hudhurungi iliyokolea na ya juu hudhurungi hafifu, ili nisijidanganye.

Dada yangu mdogo ndiye aliyeniharibia kazi. Ana miaka 11. Aliniangalia nikipanga mabaharia kwenye sitaha, akauliza, "Kaka, wanawake wako wapi?" Nikamwambia hii ni manowari, hakukuwa na wanawake. (Neno lenyewe manowari tulilitoa kwa Waingereza, na ndani yake mna "mwanamume".) Akasema sawa, akaondoka. Lakini nilikuwa naijua jibu sahihi na sikulisema.

Nieleze. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Oman, chini ya Imamu Saif bin Sultan, yaliizingira Fort Jesus. Mzingiro ulidumu hadi Disemba 1698. Shuleni tulifundishwa kama mechi ya timu mbili, Waarabu na Wareno, sisi tukiwa watazamaji. Si kweli. Ndani ya ngome Wareno walikuwa wachache, hawafiki mia, na mamia ya waliobaki walikuwa watu wa pwani. Watu wa Faza, kwa mfano, waliingia upande wa Wareno manake majirani zao wa Pate walikuwa na Oman, na ugomvi wa Faza na Pate haukungoja mgeni. Halafu maradhi yakaingia. Mwaka 1697 yaliwamaliza Wareno mmoja mmoja, na tarehe 28 Agosti kamanda akafa. Ngome kubwa kuliko zote pwani hii ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wanane Waafrika, na wanawake 50 Waafrika.

Hamsini. Wao ndio walio wengi. Walishika ngome ile hadi merikebu za msaada zilipofika katikati ya Septemba, na Santo António ilikuwa mojawapo. Katika vitabu nilivyosoma, Bwana Daud ana jina na ukoo. Wanawake wana idadi.

Merikebu haikukaa sana. Tarehe 20 Oktoba 1697 ilikatikiwa na kamba zake za nanga, ikasukumwa hadi miambani, usukani ukang'oka, na mwishowe ikazama chini ya ngome ileile iliyokuja kuiokoa. Usukani niliuunda kwa bawaba mbili ili uweze kutoka. Hilo nililipanga tangu mwanzo.

Wanawake sikuwapanga. Nilijaribu kuwaweka sitahani nikaona ni uongo. Hawakuwa melini, walikuwa ukutani wakiitazama ikiingia. Kwa hiyo nimeanza ukuta. Si ngome yote, kwa kipimo changu ingejaza sebule na kuingia kwa jirani, ni kipande tu cha upande wa bahari. Na hapo tatizo la watu wadogo wa plastiki likarudi. Kimo chao ni sentimita 4, ambayo kwa moja kwa 32 ni mita 1.28. Wanawake walioshika Fort Jesus wanatoka kama watoto wa darasa la tano, na vifua vyao ni vipana kama milango. Orodha ya nywele na kofia ina maharamia, wanaanga, wapishi. Ushungi sikuuona. Nimetumia kofia ya joho iliyogeuzwa nyuma mbele, inakaribia.

Mwezi wa Disemba baba akajua kuhusu chuo. Sitaeleza jinsi alivyojua wala alichosema, hayo ni ya nyumbani. Alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Halafu jioni moja stima ilikuwa imepotea, laptopu inakula chaji ya mwisho, akavuta kiti akakaa kando yangu. Baba ni mwashi. Amejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu. Akautazama ule ukuta wangu wa kijivu na wale wanawake 12 niliokuwa nimewafikisha juu yake.

"Viungo vyako vimelingana," akasema.

"Vipi, baba?"

Akaweka kidole kwenye skrini, akakishusha kutoka juu hadi chini, akifuata mstari mmoja ulionyooka pale matofali yalipokutana. "Hapa. Na hapa. Safu ya juu lazima ikalie kiungo cha chini. Ukuta huu utapasuka hata kabla hawajapigwa mzinga."

Alikuwa sawa. Nilikuwa nimeupanga haraka haraka kwa kunakili safu moja. Tukaubomoa kuanzia juu, nikiwashusha wale wanawake mmoja mmoja, tukapanga upya, tofali la vinundu vinne, la viwili, la vinne. Chaji ilikuwa asilimia tisa. Akauliza ni watu wangapi watakaopanda juu ya ukuta huu.

"Hamsini."

"Basi panua," akasema.