Majeruhi na jeraha

Septemba 11, 2023, dakika chache tu tangu mechi yake ya kwanza akiichezea New York Jets, timu ya futiboli ya Marekani, ianze, kotabeki Aaron Rodgers alichanika kano ya kisigino cha kushoto. Mashabiki wa Bills, Dolphins na Patriots, wapinzani wa kundi moja, wakaanza kupiga hesabu za mtoano. Msimu ulipoisha, Bills na Dolphins walifuzu.

Kwa mazoea, watangazaji wetu wangesema Rodgers “amepata majeruhi”. La hasha. Majeruhi ni mtu aliyeumia. Alichopata ni jeraha. Rodgers ni majeruhi, kano iliyochanika ni jeraha. Na timu “inayoandamwa na majeruhi”? Hiyo inakimbizwa na wachezaji wake wenyewe, magongo mikononi!