Madaka ya Pate

Msomaji, ukitaka kujua jinsi neno moja liletavyo huzuni, tazama madaka ya Pate. Daka ni kishubaka cha ukutani, na matajiri wa mji ule walipanga humo vyombo vyao vya kaure. Pate ilishindwa vitani huko Shela yapata mwaka 1812, ikazidi kufifia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, hakutosheka kusema kwamba wenye nyumba wamekufa. Alituonyesha madaka yale yale, na ndani yake wamelala ndege wachanga. Angaliyaacha matupu, pengine tungalihuzunika kidogo tu. Tena hakuwaita makinda. Aliwaita wana, neno tuitalo watoto wetu. Nyumbani mna wana, ila si wa mwenye nyumba.